Kiungo Kilichofichwa Ndani ya Bawa

Kanda ya Ziwa imeshazoea kuona vyombo vinavyoruka bila rubani. Mwaka 2018 ndege ya Wingcopter, katika mradi wa majaribio ulioendeshwa pamoja na DHL, ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Zanzibar kazi ilikuwa imeanza tangu 2016, pale ndege za eBee zenye mwili wa povu gumu zilipotumika kupiga picha za Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakawa miongoni mwa warushaji. Kupima mashimo ya wazi na malundo ya mawe kutoka angani kumekuwa kazi ya kawaida migodini duniani kote, na ukanda wa dhahabu wa Geita hauna uhaba wa mashimo wala malundo.

Vyombo vyote hivi vimepewa jina moja, droni, na jina hilo limewachanganya watu. Kwa aliyesimama mwaloni, penye kuoshea dhahabu, huko Rwamgasa, mji wa wachimbaji wadogo wa Geita, chombo cha panga nne kinachoning'inia angani na ndege yenye mabawa ya mita tatu vinaonekana ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Chombo cha panga nne kimeshikwa na skrubu na plastiki iliyomiminwa kiwandani. Ndege ya mabawa, hasa iliyojengwa kwa mkono kwa mbao, plaiwudi na povu, imeshikwa na gundi karibu kila mahali. Skrubu iliyolegea utaiona na kuikaza. Gundi ikishafunikwa huioni tena.

Mafundi wenyewe nao hawakubaliani. Mmoja husema bawa likikataa kupinda mkononi ni zima. Mwingine hataki kusikia lolote mpaka bawa libebe mchanga. Wa tatu hurudia kauli inayosikika katika kila karakana ya useremala, kwamba mbao huvunjika kabla ya gundi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Linalotakiwa kujulikana ni kila ukaguzi unafichua nini, unaacha nini, na unagharimu nini, pale ndege inapokuwa na kilo 10, 15 au 25 na chini yake kuna watu. Rwamgasa si uwanja mtupu. Hapa ndipo Umoja wa Mataifa ulipofanyia kazi yake ya kupunguza zebaki miaka ya 2000, na hapa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina kituo cha mfano kwa wachimbaji wadogo. Maduara ya uchimbaji, karasha za kusagia mwamba na mialo vimesongamana, na watu wako kazini mchana kutwa.

Ukubwa unabadilisha hesabu

Fundi aliyezoea modeli za nusu kilo huhamia kwenye ndege kubwa na mazoea yake yote, na hatari huanzia hapo. Chukua ndege ndogo, uikuze mara mbili kwa urefu, upana na kimo, kwa mbao zilezile. Uzito wake umeongezeka mara nane. Eneo la gundi limeongezeka mara nne tu. Kila sentimita ya mraba ya gundi sasa inabeba mara mbili ya mzigo wa awali, ingawa mchoro ni uleule na kiungo kwa macho ni kilekile. Kiungo kilichokuwa na akiba kubwa kwenye ndege ndogo huenda kikabaki bila akiba yoyote.

Juu ya uzito inakuja kasi. Bawa likivutwa ghafla kwa rimoti, mzigo linaoweza kujitwika hukua kwa mraba wa kasi. Ndege ambayo kasi yake ya chini kabisa ya kubaki hewani ni kilomita 40 kwa saa, ikiruka kwa kilomita 120, inaweza kulibebesha bawa mara tisa ya uzito wake. Ikiwa ni ya kilo 12, hizo ni kilo 108, na zinakuja kwa kupepesa kwa jicho. Ndege hiyohiyo kwa kasi hiyo ina nguvu ya mwendo sawa na mzigo wa kilo 12 ulioachiwa kutoka mita 57 juu. Anayeiita mwanasesere hajapiga hesabu hiyo.

Mahali nako kunachangia. Rwamgasa iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa nyuzi 30, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam kwenye joto hilohilo. Ndege lazima itue kwa kasi kubwa zaidi ili bawa libebe uzito uleule, na kishindo kinachofika kwenye mizizi ya magurudumu kinaongezeka kwa karibu asilimia 15. Mchoro uliochorwa kwa ajili ya viwanja vya nyasi vya Uingereza haukufikiria ardhi ya changarawe na hewa ya namna hii.

Kisha kuna mtetemo, ambao wengi huusahau kwa sababu hauonekani. Injini ya petroli ya silinda moja yenye mapigo mawili, ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, huupiga ukuta wa injini, yaani ubao ambao injini imefungwa, mapigo 70,000 katika safari ya dakika kumi. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuiga hilo mezani.

Gundi inavyoshindwa

Epoksi ndiyo mfalme wa ndege kubwa, na inastahili. Lakini ina masharti. Vipimo vya mirija miwili vikikosewa, huganda nusu na kubaki na unyumbufu kama wa mpira. Epoksi nyingi zinazogandia kwenye joto la kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Katoro linaweza kufika huko, na bawa lililopakwa rangi nyeusi na kuachwa uwanjani saa saba mchana linaweza kupita hapo. Ndege iliyokaguliwa asubuhi kwenye kivuli si ileile inayoruka mchana. Wakati wa mvua, baadhi ya epoksi hutoa utando laini kama nta juu yake. Fundi akipaka tabaka la pili bila kuusafisha, tabaka hilo linakalia nta.

Gundi nyeupe ya seremala ni nzuri kwa viungo vya ndani vilivyobanwa sawasawa, lakini huteleza polepole chini ya mzigo usiokoma, na maji huilegeza. Supaglu hushika kwa sekunde, hujaza nafasi vibaya, na ikipata mshtuko hukatika kama kioo. Gundi ya poliurethani inayoumuka hudanganya zaidi ya zote: inajaza pengo, inatokeza pembeni, inampa fundi furaha, kumbe katikati ni povu lisilobeba kitu.

Mbao nazo zina tabia zao. Balsa hupatikana kwa kuagiza, na bei yake humrudisha fundi kwenye mbao za nyumbani. Paini ya Sao Hill, ikichaguliwa yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo, hufaa kwa boriti ya bawa. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoisukuma gundi, na lazima upigwe msasa na kufutwa muda mfupi kabla ya kugundishwa. Ncha ya ubao, pale nyuzi zinapokatwa, hunywa gundi kama udongo mkavu unavyokunywa maji, na kiungo hubaki na njaa. Kibano kikikazwa kupita kiasi huleta njaa ileile kwa njia nyingine, kwa kuikamua gundi yote nje.

Halafu vumbi. Katika mji wa karasha, unga wa mwamba hutua juu ya kila kitu. Kati ya kupiga msasa na kupaka gundi, nusu saa inatosha kuweka tabaka ambalo jicho halilioni na gundi inaliona. Kidole chenye mafuta hufanya vivyo hivyo, na petroli iliyochanganywa na oili inayovujia kwenye ukuta wa injini humalizia kazi hiyo kwa miezi.

Aina moja ya ubovu inastahili kutengwa na nyingine, kwa sababu ndiyo kiini cha ubishi wote: kiungo kinachogusana bila kushikana. Mstari wa gundi umejaa, hakuna ufa, ukigonga sauti ni nzima, na ukipima kwa mkono hakichezi. Lakini gundi imekalia vumbi, nta au mafuta. Hata kwenye ndege za abiria, vipimo vya mawimbi ya sauti huweza kuonyesha pengo. Nguvu ya mshiko wenyewe haviwezi kuipima kwa uhakika. Anayetafuta kifaa cha kumwambia kutoka nje kwamba kiungo fulani kitabeba kilo kadhaa anatafuta kitu ambacho viwanda vikubwa bado havina.

Yaliyotokea mwaka 1931 na 1944

Tarehe 31 Machi 1931, ndege ya Fokker F-10 ya shirika la TWA ilivunjika bawa angani na kuanguka katika jimbo la Kansas, Marekani. Watu wote wanane walikufa, akiwamo Knute Rockne, kocha mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Bawa lilikuwa la mbao, na unyevu uliopenya ndani ulikuwa umeidhoofisha gundi. Serikali ikadai mabawa ya aina hiyo yakaguliwe ndani mara kwa mara. Kumbe kukagua kulimaanisha kubandua plaiwudi, na kubandua kuligharimu pesa na siku za kukaa chini bila kuruka. Ajali hiyo ilichangia sana kuyasukuma mashirika kwenye ndege za chuma, na kufikia Desemba 1935 DC-3 ilikuwa hewani. Jambo hili halisemwi vya kutosha: mbao zilikuwa na nguvu ya kubeba abiria, ila viungo vyake havikukagulika kwa gharama ambayo mashirika yangeimudu.

Kisa cha pili kinatugusa karibu zaidi, maana kinahusu joto na mvua. Mwaka 1944 ndege za kivita za Mosquito, zilizojengwa kwa plaiwudi na balsa, zilianza kuvunjika mabawa huko India na Burma, na Novemba mwaka huo zikazuiwa kuruka hadi zikaguliwe. Maelezo ya haraka yalikuwa hali ya hewa: gundi imeshindwa na tropiki. Ujumbe ulioongozwa na Meja Hereward de Havilland ulielekeza lawama kwenye mbao kusinyaa na kutanuka kwa majira. Uchunguzi uliofuata, wa Cabot na Myers, ukasema waziwazi kwamba kosa ni la utengenezaji, na wachunguzi wa Wizara ya Uzalishaji wa Ndege waliozipasua nyingine nchini Uingereza wakakuta kasoro zilezile, mbali kabisa na joto la Burma. Maana yake ni kwamba mvua haikuzaa ubovu ule. Uliondoka nazo kiwandani, na mvua ikauharakisha.

Nalirudia hili kwa makusudi, kwa sababu katika Kanda ya Ziwa kuna kishawishi kikubwa cha kulaumu jua na masika. Shirika la ndege la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 na ndege sita za Dragon Rapide, zenye mifupa ya mbao na ngozi ya kitambaa, na zilihudumia nchi hizihizi zenye joto na mvua hizihizi. Hali ya hewa ni mtihani. Aliyefeli mara nyingi ni kiungo kilichoandaliwa vibaya.

Jicho, kidole na sikio

Kundi la kwanza la mafundi hutegemea hisia za mwili, na lina mantiki ambayo Rwamgasa inaielewa vizuri. Mchimbaji mzoefu akiingia duarani hugonga mwamba kwa mtaimbo na kusikiliza: sauti kavu ni mwamba mzima, sauti ya debe ni mwamba ulioachia. Bawa la povu lililovikwa faibaglasi au plaiwudi hukaguliwa vivyo hivyo, kwa sarafu au kwa ncha ya kidole, na pale ngozi ilipoachana na povu sauti hubadilika mara moja.

Wengine hushika ncha za mabawa na kuyakunja na kuyasokota taratibu, sikio likiwa karibu na kiwiliwili. Mlio mdogo, tik, ni ushahidi. Ngozi ya bawa inayoonyesha mikunjo ya mshazari ambayo jana haikuwapo ni ushahidi. Ufa wa rangi unaofuata mstari wa kiungo ni ushahidi, na unga mweupe unaotoka pembeni mwa bawaba pia. Bati jembamba la kupimia nafasi likiingia kwenye mstari wa gundi, hukumu imeshatoka. Siku hizi kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu hufika ndani ya kiwiliwili na kuonyesha kilichokuwa siri.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haigharimu kitu na inaweza kurudiwa kabla ya kila safari. Hakuna njia nyingine inayofuatilia ndege inavyozeeka. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile: inaona tu kilichokwisha kuachia. Kiungo kinachogusana bila kushikana kitapita mtihani huu kila siku hadi siku ya mwisho. Na nguvu za mikono miwili, hata za mtu wa miraba minne, hazikaribii kilo 108.

Mifuko ya mchanga

Kundi la pili linasema mzigo ujibiwe na mzigo. Ndege inageuzwa chali, kiwiliwili kinakalishwa kwenye vigoda, na mifuko ya mchanga inapangwa juu ya mabawa, mingi karibu na kiwiliwili na michache kuelekea nchani, kwa sababu hewa nayo haibebi sawa kote.

Hesabu yake hukosewa mara nyingi. Tuseme ndege ina kilo 12, kati ya hizo mabawa ni kilo 3, na fundi anataka kuthibitisha mara sita ya uzito. Sita mara 12 ni kilo 72. Lakini mabawa yenyewe angani huvutwa chini na uzito wake, kilo 18 kwa mara sita, kwa hiyo kinachokunja kiungo ni kilo 54. Ndege ikiwa chali, kilo 3 za mabawa tayari zinasukuma upande uleule na mchanga. Mchanga unaohitajika ni kilo 51, yaani 25 na nusu kila upande. Anayerundika kilo 72 amezidisha bila kujua, na huenda ameharibu bawa lililokuwa salama.

Hii ndiyo njia pekee inayosema neno juu ya nguvu yenyewe, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Bawa likibeba mzigo dakika kadhaa bila mlio, kisha likarudi mahali pake bila mkunjo uliobaki, fundi ana jambo la kusimamia. Hata hivyo mchanga hujibu swali moja tu. Unasukuma upande mmoja. Hausokoti, haubandui, hautetemeshi. Unapima bawa na kuuacha mkia, ambao hubeba mizigo midogo kwa viungo vidogo na ambao ukiachia hakuna rimoti itakayookoa ndege. Ukuta wa injini haupimwi kabisa. Jaribio likifanywa asubuhi yenye baridi, epoksi inajibu kama epoksi ya asubuhi. Kuna hofu nyingine isiyopuuzika: kiungo kinaweza kupasuka robo yake chini ya mchanga, kikanyamaza, kikafaulu mtihani, na kikapelekwa angani kikiwa kimejeruhiwa na ukaguzi wenyewe. Kwa sababu hiyo jaribio hili lifanywe mara moja, kwa kiwango kilichotokana na kasi ya ndege na si kwa ushujaa, kisha jicho na sikio vipite upya kote.

Kuvunja kabla ya kufunika

Kundi la tatu ni dogo, na husikika kidogo kwa sababu njia yao haina tamasha. Wao hukagua kiungo siku kinapozaliwa. Kila mara gundi inapochanganywa, tone moja hugundisha vipande viwili vya mbao zilezile, vilivyopigwa msasa uleule, na vipande hivyo hubanwa na kuwekwa pembeni. Gundi ikishakomaa, fundi huvivunja. Zikibaki nyuzi za mbao pande zote mbili, gundi imeshinda mbao na kazi ya siku hiyo ni halali. Uso ukiwa msafi na unang'aa upande mmoja, gundi haikushika, na bawa lililojengwa siku hiyo lifunguliwe hata kama linapendeza.

Hapo ndipo kauli ya maseremala inapopata mipaka yake. Ni kweli mbao huvunjika kabla ya gundi, pale gundi iliposhika. Sampuli ndiyo inayosema kama ilishika.

Pamoja na sampuli huenda jicho la pili. Uingereza, chama cha Large Model Association husimamia modeli nzito zinazopita kiwango cha kawaida, ambacho sasa ni kilo 25, na mkaguzi wake hufuatilia ujenzi tangu hatua ambazo mifupa bado iko wazi. Mantiki ni ya fundi wa matimba: kagua nguzo za duara kabla udongo haujazifunika.

Nao wana udhaifu wao. Sampuli hubanwa mezani, kwenye mwanga, juu ya uso tambarare. Kiungo chenyewe kiko kwenye pembe ambako kibano hakifiki. Sampuli inaweza kufaulu na kiungo kikafeli. Tena haisemi lolote juu ya ndege baada ya miaka mitatu ya jua na oili. Na inahitaji uaminifu, kwa sababu aliyejenga bawa kwa wiki mbili ndiye anayetakiwa kukubali kwamba kipande cha mbao chenye urefu wa kidole kimelihukumu.

Kuongeza gundi

Kundi la mwisho halikagui, linaimarisha. Kila pembe hupakwa epoksi zaidi, kila kiungo hufunikwa kwa faibaglasi. Katika sehemu moja wako sahihi. Kwenye ukuta wa injini, vijiti vya mbao ngumu vilivyopenya kutoka kiwiliwilini, au vipande vya pembe vilivyokazwa kwa skrubu, hubeba mzigo hata gundi ikichoka. Kwingine wanajidanganya. Gundi mpya juu ya mbao zilizolowa oili haishiki. Gramu 50 mkiani hudai risasi puani, mara mbili au tatu ya uzito huo, ili ndege isawazike. Na faibaglasi ikishatandazwa juu ya kiungo kibovu, imelifunga dirisha la mwisho ambalo jicho lilikuwa nalo.

Mizani inavyoelemea

Ubishi mwingi unatokana na kuzichukulia njia hizi kuwa wapinzani wanaogombea kiti kimoja. Zinajibu maswali matatu tofauti. Sampuli na jicho la pili hujibu kama kiungo kilizaliwa kizima. Mchanga hujibu kama viungo vichache vinavyobeba maisha ya ndege vina nguvu inayodaiwa. Jicho, kidole na sikio hujibu kama kuna kilichobadilika tangu jana. Mtu akichukua jibu la swali moja akalifanya la lingine, amejipumbaza, na hilo ndilo kosa la anayekunja bawa kwa mikono akatangaza ni imara.

Lakini nikilazimishwa kusema ni ipi isiyoachwa kamwe, nasema ile ya kabla ya kufunika. Kiungo kinachogusana bila kushikana ndicho kibaya kuliko vyote, na siku ya kukinasa ni moja tu. Ikishapita, mchanga unaweza kukibahatisha, na jicho halitakiona mpaka kimeachia. Gharama yake pia ni ndogo kuliko zote: kijiko cha gundi, vipande vya paini, na usiku mmoja wa subira. Mafundi wetu hawakosi pesa ya kufanya hivyo. Kinachokosekana ni desturi ya kuandika, gundi ipi, siku gani, nani alichanganya, sampuli ilivunjika vipi, kwenye daftari la shule linalokaa na ndege.

Mchanga naupa nafasi ya pili, kwa ndege za kilo 10 na kuendelea tu, na ufanywe mchana wakati mbao zina joto la kazi. Chini ya uzito huo, hatari ya kuijeruhi ndege inaweza kuzidi faida. Ukaguzi wa mikono hauna mjadala: ufanyike kabla ya kila safari, uanzie mkiani na kwenye ukuta wa injini, ambako mchanga haukufika.

Kuhusu sheria, Tanzania ina kanuni za vyombo vinavyorushwa bila rubani za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kurusha kunahitaji kibali. Hilo ni jema, na lazima lifuatwe. Ila karatasi ya kibali haioni ndani ya bawa, na anayeilaza mezani mbele ya mashaka ya jirani bado hajajibu swali la gundi.

Ndege iliyonunuliwa ikiwa imefungwa

Inabaki hali ngumu kuliko zote, na pengine itakayokutwa zaidi: ndege kubwa iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, imeshafunikwa, imeshapakwa rangi, haina daftari. Hapa njia bora imeshapita. Wengi hugonga, hukunja, hutikisa kichwa kwa kuridhika, kisha hurusha.

Fundi makini hukata. Dirisha la sentimita nne kwa nne chini ya bawa, kati ya mbavu mbili karibu na kiwiliwili, hufungua njia ya taa, kioo kidogo na bati la kupimia nafasi hadi pale boriti ya bawa inapoungana na ubao wake wa kati. Dirisha lingine hukatwa mbele ya mkia. Tangi huondolewa ili ukuta wa injini uonekane kwa nyuma, na mbao zake zikwanguliwe kuona oili imefika wapi. Gundi iliyotokeza huchunwa kwa kisu: ikibanduka na nyuzi za mbao, kuna matumaini, ikibanduka safi kama ganda la yai, bawa lote linafunguliwa. Baada ya hapo ndipo mchanga unapoitwa. Madirisha hufungwa kwa plaiwudi nyembamba na skrubu ndogo nne, wala hayagundishwi, ili yafunguliwe tena masika yakiisha.